Paswadi ya ruta ya ofisi yako iko na nani?

Mtu akiniita niangalie intaneti ya ofisi yake, swali langu la kwanza huwa sio spidi wala bili analipa ngapi. Huwa ni paswadi ya ruta, ile mashine inagawia ofisi intaneti, iko na nani. Sio ile ya waifai imebandikwa kwa ukuta pale mapokezi, nasema ya ruta yenyewe, ile ya kuingia ndani ubadilishe vitu. Na jibu karibu kila mara ni lile lile, "kuna kijana alitufanyia, sasa sijui alienda wapi, siku hizi hata simu hashiki." Hapo basi najua hakuna namna, ni kurizeti kitu yote na kuanza sufuri, na printa, kamera na kompyuta ya kaunta zote zitalala mpaka tumalize. Yaani umemwachia fundi wa geti funguo zote za duka halafu unashangaa siku amehama.

Sasa hii posti ni ya watu wawili, fundi anayeanza hii kazi, na mwenye biashara anayetaka kujua huyo fundi anafanya nini kule chini ya meza. Nitaongea kwa mfano wa ruta ya MikroTik ju ndio nakutana nayo sana hapa Nairobi, ukitembea Luthuli Avenue hukosi, na hata zile waifai za mtaa za kununua kwa saa ama kwa siku nyingi zinaendeshwa nayo. Ni kampuni ya Latvia, ilianza 1996. Kama yako ni ya kampuni ingine majina ya menyu yatakuwa tofauti lakini kazi ni hio hio.

Najua kuna mwenye anauliza, kwani ile boksi nyeupe mtu wa faiba aliniwekea iko na shida gani? Kwa nyumba haina shida. Kwa biashara shida yake ni moja tu, si yako. Ukihama mtoa huduma unairudisha, na inaenda na kila kitu mlikuwa mmepanga, anwani ya printa, njia ya kamera, jina la waifai lenye simu za wafanyikazi wote zimeshazoea. Ukiwa na ruta yako hapo katikati, mtoa huduma anabaki kuwa kebo moja tu, unachomoa ya huyu unachomeka ya yule na watu wa ndani hata hawajui kuna kitu kimebadilika. Kwa biashara yenye watu zaidi ya watatu wanne mimi naona hio pesa ya ruta imejilipa hapo tu.

Haya. Fungua boksi, na kabla ya kingine chochote piga picha ya stika iko chini ya ruta na umtumie mwenye biashara saa hio hio. Zamani MikroTik zilikuwa zinakuja na yuza admin na paswadi hakuna, unabonyeza tu unaingia, siku hizi kila ruta inakuja na paswadi yake imeandikwa kwa stika. Stika hukwaruzika, ama mtu anapigilia ruta kwa ukuta na stika iko upande wa ndani, halafu siku ya kurizeti mnaanza kung'oa misumari.

Chomeka laptopu yako poti ya 2. Sio ya 1. Kwa zile ruta ndogo za ofisi poti ya 1 ndio ya kutoka nje, na faiawoli yake, ule ulinzi wa kuchuja nani anaingia, inakataa mtu yeyote anayejaribu kuingia kutokea huko, hata wewe. Ile kebo ya faiba iache kando kwanza, hakuna haraka. Halafu fungua brauza uandike 192.168.88.1, ama utumie Winbox, programu ya MikroTik ya kuongoza ruta kutoka kwa kompyuta, mimi ndio napenda ju inaiona ruta hata kama mambo ya IP, yaani anwani za namba za mtandao, yameharibika kabisa.

Ukiingia mara ya kwanza itakuuliza kama unataka kubaki na setingi ilikuja nazo ama uzifute. Baki nazo. Nasema hivyo kwa sababu kuna mafundi wengi wameona kwa video mtu akifuta kila kitu ndio aanze "safi", na huyo wa video alikuwa anajua kurudisha alichofuta, wewe je? Zile setingi za kiwandani ndizo ziko na faiawoli. Ukizifuta halafu uweke IP, uweke NAT (ile inafanya vifaa vyote vya ndani vitoke nje na anwani moja), intaneti itashika vizuri kabisa, wateja watafurahi, utalipwa, na ruta itakuwa uchi mbele ya dunia nzima. Kitu moja inatokea hapo ni DNS, ile inageuza jina la tovuti kuwa namba, ukiruhusu ruta ijibu maswali ya DNS ya ofisi na hakuna faiawoli, basi itajibu ya mtu yeyote kutoka popote, na kuna watu kazi yao ni kutafuta ruta za aina hio wazitumie kushambulia wengine. Wewe utaona tu intaneti ni slo na utapigia mtoa huduma kelele bure.

Paswadi sasa. Tengeneza yuza mpya mwenye nguvu zote, jina lolote lakini sio admin, ingia nayo uhakikishe inafanya, ndio uzime yule admin. Kama ni mimi natengeneza wawili, moja ya mwenye biashara na moja yangu, ndio siku tukiachana anafuta yangu bila kunitafuta. Ya mwenye biashara inaandikwa kwa karatasi, inaingia kwa bahasha, bahasha inaingia pale anaweka leseni ya kaunti na cheti cha KRA. Mzee mmoja wa hadwea alinicheka hapo, "sasa kijana yangu, mimi nataka resiti zitoke tu, hii bahasha ni ya nini?" Nikamwambia mzee, hio ndio itafanya resiti ziendelee kutoka hata mimi nikipata kazi Kisumu. Akaenda kuiweka.

Sasa chomeka faiba poti ya 1, na kazi ya kwanza ya hio intaneti ni kuapdeti ruta, sio kufungua YouTube kuonyesha boss spidi. Unaenda System, Packages, unaangalia toleo jipya, inashuka, inajizima na kuwaka. Halafu wengi husahau sehemu ya pili, System, Routerboard, hapo kuna programu ingine ya chini kabisa ya mashine, nayo unabonyeza ipande halafu unawasha upya tena. Kama unaona hii ni mambo ya kupoteza wakati, 2018 kulipatikana tundu kwa hio hio Winbox, mtu alikuwa anaweza kusoma paswadi zako akiwa mbali bila kuingia. MikroTik walitoa dawa mwezi wa 4 mwaka huo huo. Miezi kadhaa baadaye makumi ya maelfu ya ruta, kuanzia Brazil, zilipatikana zikichimbia wezi sarafu za kidijitali kupitia brauza za watu, na ni ruta ambazo wenyewe hawakuwa wameapdeti, dawa iko na hakuna mtu ameinywa.

Ukimaliza hapo ingia IP, Services. Utakuta milango mingi iko wazi, telnet, ftp, api, www. Zima zote hujui ni za nini. Bakisha Winbox na hata hio uiandikie kwamba inakubali tu anwani za ndani ya ofisi. Unataka kuingia ukiwa kwako Rongai? Weka WireGuard, ni VPN, yaani njia ya siri kupitia intaneti, iko ndani ya RouterOS (programu inayoendesha ruta za MikroTik) kuanzia toleo la 7, usifungue Winbox kwa dunia ati ju unataka kusaidia mteja usiku.

Upande wa kwenda nje huwa kuna njia tatu. Ama mtoa huduma anakupa anwani yenyewe inaingia, ama anakupa jina na paswadi ya PPPoE, ruta yako inaingia kwao nazo, ama umelipia anwani ya kudumu na wamekutumia namba kwa imeli. Usikisie, wapigie uulize, na uulize pia kama ile boksi yao inaweza kuwekwa ipitishe tu, ndio NAT isifanyike mara mbili. Wakikataa si mwisho wa dunia, itafanya tu.

Halafu angalia anwani umepewa inaanza na nini. Hii sehemu naiongelea sana ju imegombanisha mafundi na wateja vibaya. Kama inaanza na 100 na namba ya pili ni kati ya 64 na 127, ujue hio sio anwani yako ya kweli, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ju anwani za IPv4 zimeisha duniani, na hio safu ilitengwa 2012 kwa kazi hio. Ni halali na kuvinjari kunaenda sawa. Lakini yule mteja anataka aone kamera za duka la Gikomba akiwa nyumbani Ruaka, na fundi anashinda hapo mchana wote akifungua poti kwa ruta, anafungua, anajaribu, haiingii, anafunga, anafungua ingine. Haitawahi kuingia, rafiki yangu. Mlango unafungua ni wa chumba na geti kubwa iko kwa mtoa huduma. Ama ulipie anwani ya kudumu, ama kamera zitumie huduma ya kampuni yake ya kupitia seva zao, ama uweke handaki la VPN kwenda seva yenye anwani ya kweli. Mwambie mteja mapema kabla hajalipa kamera.

Ndani ya ofisi mimi hubadilisha ile 192.168.88 niweke kitu kama 10.20.30, sio lazima, ni vile siku mtu akitaka kuunganisha matawi mawili kwa VPN na yote mawili ni 88 mtalia. Usiweke tu ifanane na ile ya boksi ya mtoa huduma, nyingi ni 192.168.1 na zikigongana intaneti haitoki na hutaelewa kwa nini. Printa na ile kompyuta ya kaunta inatuma resiti za kodi za eTIMS kwa KRA zipe anwani zisizobadilika, lakini ufanyie hapo kwa ruta, kwa orodha ya DHCP, ile ya anwani ruta inagawa, unabonyeza kifaa unasema hiki kibaki na hii. Ukiandika kwa printa yenyewe utasahau, na siku ruta itapea simu ya mtu anwani ile ile ya printa kila mtu ataanza kusema printa imezeeka.

Waifai ni jina mbili, ya kazi na ya wageni. Sijali ofisi ni ndogo aje. Mgeni anayekuja kungoja miadi hana sababu ya kuwa mtandao mmoja na kompyuta ya mhasibu, na kama uko na kliniki ama sako, rekodi za watu ziko humo na sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inakuangalia wewe, sio fundi. Na kuweka jina la pili peke yake haitengi kitu kama zote mbili zinaingia daraja moja kule ndani (bridge, pale ruta inaunganisha poti na waifai kuwa mtandao mmoja). Wageni wape daraja lao, anwani zao, na sheria moja kwa faiawoli kwamba kutoka huko kwenda mtandao wa kazi ni marufuku. Nchi weka Kenya, ulinzi weka WPA2 ama WPA3 kama vifaa vyenu vinakubali, na chaneli za 2.4 GHz chagua kati ya 1, 6 na 11, upana 20 MHz. Hizo jengo za tauni zenye ofisi juu ya ofisi, ukifungua simu uone orodha ya waifai haiishi, hapo vifaa vyote vinavyoweza visukume kwa 5 GHz na 2.4 uwaachie printa na simu nzee.

Kuna hii ya kupimia wageni spidi ambayo imefanya watu waseme MikroTik ni mbovu. Unaweka foleni (queue, ile ya kupunguza spidi), unasema wageni wote wasipite megabiti tano, unapima na simu, inasoma arobaini. Unaweka tena. Arobaini. Sio mbovu. Kwa zile setingi za kiwandani kuna sheria inaitwa fasttrack, kazi yake ni kupitisha pakiti za mazungumzo yameshakubaliwa kwa njia ya mkato ndio prosesa ipumzike, na hio njia ya mkato haipitii kwa foleni zako za kawaida. Kwa hivyo ama unaizima, na ruta ndogo itahema kidogo kama laini yako ni kubwa, ama unaiandikia isiguse anwani za wageni. Mimi hufanya ya pili. Nimeona ofisi wamenunua ruta ingine ya bei zaidi kwa sababu ya hii kitu moja.

Saa weka Africa/Nairobi na uwashe NTP, ile inachukua saa kutoka kwa intaneti. Hizi ruta nyingi hazina betri ya saa, stima ikipotea zinaamka na saa ya uongo, zingine hata zikidhani ni 1970, na siku unataka kujua nani aliingia lini, rekodi ziko na tarehe ya uongo. Ni dakika moja, fanya.

Tukifika kwa stima sasa. Wenye ofisi hununua UPS wanaweka ruta, na boksi ya faiba wanaiacha kwa soketi ya ukuta. Stima ikienda, ruta inawaka vizuri na haina mahali pa kuenda. Weka zote mbili, hazili moto mwingi, UPS ndogo inazibeba masaa. Faiba ya hii mitaa mara nyingi ni ya aina ya GPON, kati yako na mtambo wa mtoa huduma hakuna kitu kinahitaji stima njiani, ni vioo tu, so hata mtaa mzima ukiwa giza wewe unaweza kuwa hewani. Isipokuwa kama jengo lenu liko na swichi ya pamoja huko chini kwa gereji, hapo muulize keateka hio swichi inakula stima ya nani.

Na kama biashara haiwezi kukaa bila intaneti, laini ya pili. Faiba ya kwanza, 4G ama 5G ya pili, njia mbili kwa ruta, moja na distansi 1 ingine 2 (yenye namba ndogo ndio hutangulia), ya kwanza ikikufa ya pili inachukua. Watu huweka alama ya kupima geti la mtoa huduma, yaani mashine yake ya kwanza baada ya ruta yako, wanasema wamemaliza. Shida ni kwamba geti ni jirani tu, linaweza kujibu vizuri na huko mbele kumekatika. Angalia tarehe 12 Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, Afrika Mashariki yote ikawa inatambaa, na ruta nyingi ziliendelea kuona geti liko sawa kwa hivyo hazikuhama. Dawa ni kupima anwani iko mbali zaidi, unaandikia ruta kwamba njia ya kwanza ni nzuri tu kama kitu fulani kule nje kinajibu kupitia kwake. Na hapo pia uchague vizuri, watu wote huweka 1.1.1.1, lakini Cloudflare wako na mitambo hapa hapa Nairobi, kwa hivyo inaweza kukujibu haraka haraka na kebo ziko zimekatika huko baharini. Tumia mbili tofauti na moja iwe ya mbali kweli.

Bakapu kuna aina mbili na zote uzichukue. Ile ya faili la backup ni ya kurudisha kwa ruta hio hio, haisomeki na macho. Ile ya export ni maandishi, unaweza kuisoma, na siku ruta imechomwa na stima unachukua mpya ya aina ingine unanakili vipande. RouterOS 7 ikitoa export inaficha paswadi, kwa hivyo usitegemee hio kukumbuka paswadi ya PPPoE, hio pia ni ya bahasha. Na faili zote zitoke kwa ruta ziende kwa imeli ya mwenye biashara. Nimekuta bakapu nzuri sana zikiwa ndani ya ruta iliyokufa.

Boss, wewe wa kulipa, kabla hujatuma salio ya fundi fanya vitu mbili. Kama mmeweka laini ya pili, mwambie achomoe kebo ya faiba wewe ukiwa hapo, na uambie msichana wa kaunta atoe resiti. Ingine, shika simu yako uingie waifai ya wageni, uandike ile anwani ya printa kwa brauza. Resiti ikitoka na ukurasa wa printa ukatae kufunguka, lipa. Akianza kusema hizo za kujaribu tutafanya wiki ijayo, na salio pia iende wiki ijayo.